Wavuta Chumvi wa Kisimani

Mimi si mtu wa ndoto. Nikilala nimelala, na nikiamka sina la kumsimulia mtu. Lakini usingizi wa jana ulinichukua ukanipeleka mahali, na mpaka saa hii kichwa changu hakijarudi chote. Basi nitayasema kama yalivyokuwa, na anayetaka kucheka acheke.

Kwanza mjue nililala vipi. Nililala na mjukuu wangu Mbonea, mtoto wa miezi miwili, ndani ya chandarua kimoja, ili mama yake apate japo lepe la usingizi. Mama yake ni binti yangu Nakijwa. Alikuja kujifungulia kwangu, maana kwetu uzazi wa kwanza binti hurudi kwa mama yake, na mama ndiye anayeshika kila kitu mpaka mtoto akaze shingo. Mambo yalikwenda vizuri hadi titi lilipomvimba. Likawa jipu, likapasuliwa, maziwa yakakauka. Mtoto tukamhamishia kwenye maziwa ya kopo.

Maziwa ya kopo yanataka maji, na kwenye maji mimi sina mchezo. Kisima ni changu, kiko nyuma ya nyumba, kati ya zizi la ng'ombe na shamba la vitunguu. Maji yake ni meupe, hayanuki, hayana ladha yoyote. Hata hivyo nayachemsha. Wenzangu hapa kijijini wakiona povu la kwanza tu wanaipua. Mimi nayaacha yachemke mpaka yapungue, yabaki nusu ya sufuria, ndipo roho yangu inatulia. Nakijwa nimemfundisha hivyo hivyo, na huwa nawatangazia watu kwamba mtoto wa nyumba hii hanywi maji ya kubabaisha.

Sasa siku hizi mtoto amebadilika rangi. Ilianza midomoni, ikaja kwenye kucha, ikafika nyayoni: bluu iliyochanganyika na jivu. Homa hana. Kifua hakikoromi. Akilia analia kidogo halafu anaacha, si kwa kubembelezwa, bali kwa kuchoka. Jirani yangu Namsifu akasema ni zongo, mtoto ametazamwa na jicho baya. Muuguzi wa zahanati akasema tumpeleke hospitali ya wilaya akapimwe damu, na kabla hatujatoka akauliza kama maji ya maziwa tunayachemsha. Swali lile lilinichoma. Niliona ananiita mchafu mbele ya binti yangu. Nikarudi nyumbani na hasira zangu, nikasema safari ya wilayani tuingoje kidogo, na maji nikayachemsha zaidi, mpaka yakabaki robo.

Mtoto akazidi kuwa bluu. Hivyo ndivyo nilivyolala, mkono wangu juu ya kifua chake, nahesabu pumzi zake mpaka hesabu ikanipotea.

Nasikia naitwa. Sauti ni ya sufuria. Msiniulize nimeijuaje, mtu uliyekaa naye jiko moja miaka mingi humkosei sauti.

"Bibi," inasema, "njoo huku jikoni. Nimechoka kubeba."

Naenda. Jikoni pako vilevile, isipokuwa sufuria imekaa kwenye kigoda changu na mimi sina pa kukaa. Nasimama. Naona ni utovu wa adabu, lakini sisemi kitu, kwa sababu nina haraka ya kurudi kwa mtoto.

"Kuna mmoja humu hatoki," sufuria inasema. "Kila siku unaniteleka. Maji yanageuka mvuke, yanaaga, yanakwenda zake. Yeye anabaki. Maji yakipungua, yeye ndiyo kwanza anajaa. Nimemwambia apande na wenzake. Anasema hajui kuruka."

"Nani huyo?"

"Angekuwa na harufu ningekwambia."

Nachungulia ndani. Naona maji meupe tu, na ninasema hivyo. Sufuria inanitazama kwa huruma. Haina macho, lakini inanitazama, na mimi nashindwa kuendelea kuitazama.

"Kaulize alikotoka," inasema.

Wala sikuanguka, wala hakuna aliyenisukuma. Nilikuwa nimesimama jikoni, na sasa nimesimama kwenye ukuta wa kisima changu, kwa ubavu kama mjusi, na gauni langu limetulia mahali pake. Mdomo wa kisima unaonekana kwa mbali, na kwenye mdomo huo ni mchana.

Juu ya mawe mabichi wameketi wanawake. Ni wadogo, wamekaa wameshonana, hawana macho, ila kila mmoja ana pua pana iliyochukua uso mzima. Wanatafuna. Wote wanasimamisha mataya kwa pamoja.

"Shikamoo, Bibi wa Mbonea."

"Marahaba. Nyie ni nani?"

"Bakteria."

"Karibuni," nikasema, kisha nikakumbuka kwamba mgeni ni mimi.

"Tumekaribia zamani," akajibu aliye mkubwa wao. "Ulipochimba ulitukuta."

Upande wa zizi kuna kijito chembamba kinachuruzika kutoka ukutani, na upande wa vitunguu kuna kingine. Nakijua kinachochuruzika huko kwa kukinusa tu: kimoja ni mkojo wa ng'ombe, kingine ni mbolea ya yuria niliyovimwagia vitunguu wiki iliyopita. Ule ukali unachoma mpaka machozi. Lakini wale wanawake wanaushika kwa vidole, wanaukata vipande, wanatia mdomoni. Wanatafuna, wanavuta hewa kwa zile pua, wanatafuna tena, wanavuta tena. Mwisho wanatema chembe ndogo nyeupe inayong'aa. Chembe inaanguka majini na kupotea, na ukali wote umekwisha.

"Hii ndiyo kazi yetu," mkubwa wao anasema. "Ukali ukitufikia tunautafuna kwa hewa, unatoka chumvi. Hewa ikiwapo hatuachi hata tone la harufu. Umewahi kusikia kisima chako kinanuka?"

"Sijawahi."

"Basi ndio sisi."

Nilifurahi, sifichi. Nikawashukuru kwa niaba ya nyumba yangu. Nikawauliza hiyo chumvi yenyewe baadaye inafanya nini.

"Hilo si letu," akasema. "Sisi tunamaliza harufu."

Hapo nikahisi kifua kinakuwa chepesi. Zile pua zote zimenielekea. Pumzi yangu inanitoka mdomoni kama uzi unaovutwa kwenye kitambaa, na wao wanaipokea taratibu, bila pupa, kila mmoja kidogo.

"Bibi, unavuta hewa nyingi kwa mtu asiyetafuna," mkubwa wao ananiambia. "Hapa hewa ni kwa zamu, na zamu yako imepita."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anavyokumbushwa foleni ya mashine ya kusaga. Nilitafuta wa kumlalamikia, nikaona hayupo. Nikashuka chini zaidi, kwa sababu chini kulikuwa kimya.

Chini hakuna hewa kabisa. Nilijaribu kuvuta nikavuta kitu kama kitambaa kilicholowa. Sikufa. Nilingoja kidogo nife, nikaona kifo hakiji, nikaendelea na safari.

Kwenye tope la kisima wamekaa wazee, wake kwa waume, wameegemeana migongo. Pua zao ni ndogo kama za kuku. Kila mmoja ameshika kikopo cha ugoro. Anatia vidole viwili, anatoa ile chembe nyeupe, anaisogeza puani, anavuta, anafumba macho. Hakuna anayezungumza. Sauti iliyopo ni ile ya kuvuta.

Mimi ni mtu mzima, lakini wale niliona wamenizidi kwa mbali.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, mwanetu."

"Mnavuta nini, wazee wangu?"

"Pumzi ya pili," akajibu mmoja mwenye shingo ndefu. "Watoto wa shule wanaiita naitreti. Walio juu wana hewa, wanavuta hewa. Sisi haitufikii, kwa hiyo tunavuta hii wanayotema."

Akanionyesha. Akaivuta chembe mara ya kwanza, ikapungua. Akaivuta tena, ikapungua zaidi. Akaendelea hivyo mpaka chembe ikageuka povu, povu likapanda juu likapasuka.

"Ikifika hapo imekwisha," akasema. "Imerudi hewani. Haimdhuru mtu."

Kumdhuru mtu. Neno lile lilinishika. Nikaikumbuka sufuria na yule mmoja asiyejua kuruka, nikamkumbuka Mbonea, nikaona hapa nimefika penyewe.

"Basi vuteni yote," nikawaambia. "Vuteni mpaka kisima kibaki na maji matupu. Nina mtoto mgonjwa."

Wazee walitazamana bila kugeuza shingo.

"Tungeweza," yule mwenye shingo ndefu akasema. "Wewe ndiye unayetukataza."

"Mimi? Kwa lipi?"

Palepale ndoo ikashuka. Ni ndoo yangu, fundo la kamba nalijua, nililifunga mwenyewe. Ikapiga maji, ikazama, na pamoja nayo hewa ikaingia kwa wingi, mapovu juu ya mapovu. Wazee wote wakaviacha vikopo. Wakafungua vinywa, wakafungua pua, wakaivuta ile hewa kwa uchu, na nyuso zao zikanyooka, wakawa vijana watupu. Chumvi ikawapita mbele ya pua, chembe baada ya chembe, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono.

"Hewa ikija nani atashika chumvi?" akasema yule mzee, ambaye sasa angeweza kuwa mwanangu. "Hewa ina nguvu. Chumvi tunaivuta kwa shida tu. Kisima chako ni kizuri, Bibi. Kiko wazi, kinatekwa asubuhi na jioni, hewa haikauki. Hatupati siku ya kufanya kazi."

Hewa ikaisha. Mikunjo ikarudi kwenye nyuso zao mmoja mmoja, wakaanza kupapasa matope wakitafuta vikopo vyao. Mimi nilisimama pale nikaona kwamba ule usafi wa kisima changu ndio uliowazuia, na sikuupenda ule ukweli hata kidogo.

"Na chumvi mnayoiacha inakwenda wapi?"

"Inapanda na ndoo. Inakwenda kwa ndugu zetu."

"Ndugu zenu wanakaa wapi?"

"Kwa mjukuu wako."

Nikasema Mbonea ana miezi miwili, hajajua hata kukaa, hana wageni.

"Ndiyo maana wanampenda," mzee akasema. "Tumbo la mtu mzima ni kali, linawaunguza. La kwake bado halijajua ukali."

Ndoo inapanda, na mimi nimo ndani yake. Sikuiingia. Napanda na maji, napita mbele ya zile pua pana, zinaniaga kwa heshima. Juu naona mkono unaivuta kamba. Ni mkono wangu, nauona na pete yake. Nataka kuuambia mkono uache. Mkono hauna masikio.

Sasa niko kwenye chumba kidogo chenye joto. Kuta ni laini, zinakuja na kurudi. Maziwa yamenifika vifundoni. Harufu ya hapa naijua, ni ile iliyo utosini mwa mtoto ukimbusu, na ndiyo iliyonifanya niogope kuliko kitu kingine chochote tangu ndoto ianze. Sikuwa na shaka ni tumbo la nani.

Ndani wamejaa vijana. Wana pua zilezile ndogo za wazee wao, na hewa hapa haipo, kwa hiyo nao wanavuta chumvi. Ila hawavuti mpaka iishe. Wanavuta mara moja, kisha wanaitema ukutani, wanachukua nyingine. Hakuna aliyenisalimia.

"Kwenu hamsalimii?" nikauliza.

"Shikamoo, Bibi," mmoja akasema, mdomo umejaa.

"Marahaba. Wazee wenu kule kisimani wanavuta mpaka inakuwa povu. Nyie mbona mnatema?"

"Sisi tunajua mvuto wa kwanza tu. Unaobaki si wetu."

"Ni wa nani?"

Akaonyesha ukuta. Mate yao yanateremka ukutani, yanazama ndani ya ngozi, yanapotea upande wa pili. Nikaweka sikio. Nikasikia mto.

Niko ukingoni mwa mto. Mto wenyewe ni watu. Ni wachukuzi, wekundu kuanzia utosini hadi nyayoni, na kila mmoja amejitwisha gunia jeupe la hewa. Wanalitoa kwenye mapafu, wanalipeleka mwilini, wanarudi kuchukua jingine. Kwenye mapafu magunia yamerundikana mpaka juu, kama vitunguu vya msimu vilivyokosa lori. Hewa ya Mbonea ilikuwepo tele. Haikuwa na wa kuibeba.

Maana yale mate yanadondoka kutoka juu, manyunyu mepesi. Mchukuzi akiguswa anasimama. Wekundu unamtoka, anakuwa na rangi ya kahawa isiyotiwa maziwa, mikono iko juu kama bado ameshika gunia, na gunia halipo. Walikuwa wengi waliosimama. Wachache wekundu waliobaki wanapenya katikati yao kwa shida.

"Shikamoo, Bibi wa Mbonea," waliosimama wanasema. Midomo yao haichezi.

"Marahaba. Mbona mmesimama? Songeni. Mtoto anataka hewa."

"Tunaiona, Bibi. Haishikiki."

Sikukubali. Nikachukua gunia nikamtwisha mmoja wao. Likateleza. Nikamtwisha tena, nikalishikilia kwa mikono miwili, likateleza katikati ya vidole vyangu na vyake. Nimezoea kusema neno nyumbani kwangu na likatendeka. Pale nilisema na hakuna kilichotikisika.

Nikawauliza nani anayeleta chumvi yote hii.

Waliona haya.

"Ni wewe, Bibi," akasema yule niliyemtwisha. "Mwanzo ilikuwa inakuja kidogo. Tulikuwa tukisimama, baadaye tunaamka, mmoja mmoja, tunaendelea na kazi. Juzi ukaanza kuchemsha zaidi."

Ng'ambo ya mto sufuria imekaa kwenye kigoda changu.

"Nilikwambia hajui kuruka," inasema.

"Mimi nachemsha ili nimkinge!"

"Kuchemsha kunaua vinavyokufa," sufuria ikajibu. "Chumvi haikuwahi kuwa hai."

Nililia. Nilikaa chini kando ya wale watu wa kahawa nikalia kwa sauti, na wao wakangoja kwa adabu mpaka nimalize. Nilikuwa nimempa mjukuu wangu sumu kwa mkono huu huu wangu, chupa baada ya chupa, na nilikuwa nimejisifu. Kila nilipoona rangi inazidi, nilikwenda jikoni nikaiongeza. Na nilikuwa nimeikataa safari ya wilayani kwa sababu yule kijana wa zahanati aliniuliza swali.

Kulia hakujawahi kumbeba mtu. Nikajifunga kanga kiunoni, nikajitwisha gunia moja mimi mwenyewe. Lilikuwa na uzito wa pumzi tu. Nikapita katikati ya waliosimama, nawaomba radhi kila nikiwagusa bega, na mto ukazidi kuwa mwembamba, ukawa mfereji, ukawa uchochoro, mpaka nikafika kwenye chumba cha mwisho. Paa lake limepinda na linapitisha mwanga. Mwanga ni wa bluu. Nikatambua nimesimama chini ya ukucha wa kidole chake kidogo.

Wakazi wa kidole wamekaa sakafuni gizani. Waliposikia hatua waliinua vichwa.

"Ndiyo hilo tu?" mmoja akauliza.

"Ndilo hilo kwa sasa."

"Tuko wengi."

Nilisema naona. Wakalipokea gunia, wakalipitisha mkono kwa mkono, kila mmoja akanusa kidogo akampa jirani. Hakuna aliyegombana wala aliyejiongezea. Walipomaliza, gunia likiwa limebaki kitambaa, yule wa kwanza akanigeukia.

"Bibi, anayechemsha asubuhi hii ni nani?"

"Anayechemsha ni mimi."

"Wewe umelala," akasema. "Na jikoni kuna moto. Tunausikia."

Nikageuka nitoke. Nilikoingilia hakukuwa na mlango tena. Nikapiga paa kwa ngumi, nikamwita Nakijwa kwa jina lake, na sauti yangu ikaishia kwenye bluu ileile.

Ndipo bomba likashuka. Lilitoboa ukuta kando ya ukucha, jembamba, refu, likayumba huku na huku likitafuta, kisha likatumbukia mtoni na kutulia. Likaanza kuvuta. Wachukuzi wa kahawa wakapanda ndani yake kwa mstari, mikono ikiwa vilevile juu, hakuna aliyeuliza wanapelekwa wapi. Wa mwisho akanishika mkono.

"Bibi, toka na sisi," akasema.

Tukapanda. Ndani ya bomba kulikuwa na giza, tumebanana kifua kwa mgongo, na juu yetu kulikuwa na mlio mwembamba usiokatika, unaokuja karibu, karibu zaidi, mpaka ukaniingia sikioni.

Nikaamka.

Kumekucha. Mlio ulikuwa bado sikioni mwangu, kisha ukanyamaza. Mbonea yuko ubavuni, macho wazi, halii, anatazama chandarua. Midomo yake haikuwa na wekundu wowote. Na juu yetu, kwenye pembe ya chandarua, walikuwa wametua mbu wawili, matumbo yamewajaa mpaka hawawezi kuruka vizuri.

Mtu yeyote angewapiga, nami nikawapiga. Wa kwanza nilimponda kwa kiganja, akaacha tone la damu nyekundu kama damu ya kila siku. Wa pili nikamponda kando yake.

Damu yake ilikuwa ya kahawa.

Nikaisugua kwa kidole nikidhani ni uchafu. Haikubadilika. Nikanyoosha mkono nje ya chandarua, nikageuza kiganja kwenye mwanga wa dirisha, yale matone mawili yakakaa pale pamoja, moja jekundu na moja la kahawa.

Mlango ukafunguliwa. Nakijwa aliingia na chupa ya maziwa ameizungushia kitambaa, uso wake umeng'aa kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, maana alikuwa amelala.

"Shikamoo, Mama. Nilikuacha upumzike," akasema. "Nimeyachemsha mwenyewe, kama unavyotaka wewe. Nimeyaangalia mpaka yamebaki kidogo kabisa."

Akainua chandarua, akainama. Mbonea alifungua mdomo. Ana njaa mtoto wa watu, anaijua chupa yake. Nikaweka mkono katikati, tone la maziwa likaniangukia kwenye vidole, la moto.

"Usimpe."

"Ana njaa, Mama."

"Najua. Maji ya kununua tutayapata dukani kwa Namsifu, tutamkorogea maziwa mengine njiani. Haya ya kisima hanywi tena. Mfunge mgongoni, tunakwenda wilayani."

"Saa hizi? Si wewe uliyesema tungoje?" Alinitazama kama anapima kama nina homa. "Maji yana nini? Nani amekwambia?"

Ningemjibu nini? Kwamba nimeambiwa na sufuria? Nikafungua kiganja nikamsogezea karibu na uso.

"Mbu huyu alikuwa amenyonya damu yangu," nikamwambia. "Na huyu alikuwa amenyonya ya mwanao."

Nakijwa alitazama lile tone la kahawa, kisha akaitazama midomo ya mtoto. Akaiweka chupa sakafuni, mbali na kitanda, akaanza kutafuta kanga ya kumbebea.